Ngamia si ng'ombe mwenye shingo ndefu: malisho, chumvi na kinga dhidi ya minyoo, kupe na upele

Mama mmoja wa upande wa Wamba alipoteza ng'ombe wake wote katika ukame wa 2020 hadi 2023. Baadaye alipata ngamia jike mmoja, akamtunza kama mboni ya jicho. Ngamia alipoanza kukonda na nundu kupungua, kijana wake alikwenda dukani akanunua kifuko cha ule unga wa manjano unaochanganywa na maji, dawa ambayo familia hiyo ilikuwa imeitumia kwa ng'ombe miaka mingi kutibu ndorobo. Hakuulizwa ni ya mnyama gani, naye hakusema. Ngamia hakupona, naye mfugaji aliona kwamba dawa ni chache, akaongeza maradufu. Jioni ngamia alianza kutetemeka na kutokwa na mate. Asubuhi tulipofika alikuwa ameshakufa, na tumboni mlikuwa na ndama.

Tumeandika somo hili kwa ajili ya familia kama hiyo. Wengi wetu katika Kaunti ya Samburu tulizaliwa kati ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ngamia tulimwona kwa majirani zetu Warendille, na wachache wetu tu ndio walirithi kwa wazee ujuzi wa kumfuga. Leo hali imebadilika. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4.6 nchini Kenya, na wengi wa wanaoanza kumfuga ni watu waliochoshwa na kuzika ng'ombe kila ukame. Wanaanza vizuri, lakini wanaanza na kichwa cha mfugaji wa ng'ombe. Wanamlisha kama ng'ombe, wanamdunga kama ng'ombe, na wanampangia siku yake kama ya ng'ombe.

Tukumbuke hasara yenyewe ni kubwa kiasi gani. Ngamia hubeba mimba kwa takriban miezi 13, na kwa kawaida huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka miwili hivi. Ukipoteza ndama, mara nyingi unapoteza na maziwa, kwa sababu ngamia wengi hawashushi maziwa bila ndama kuanza kunyonya. Mwenye mbuzi ishirini akifiwa na mmoja atahuzunika, kisha maisha yataendelea. Mwenye ngamia mmoja akifiwa amerudi alikoanzia.

Mnyama wa matawi

Ng'ombe huinamisha kichwa akala nyasi. Ngamia huinua kichwa akala majani, vichipukizi na maganda ya miti na vichaka. Mgunga ambao wengi wetu tunauita ltepes, mswaki, mjunju na vichaka vya miiba ndiyo meza yake. Nyasi huzila pia, hasa mvua inaponyesha na zingali laini, lakini ukimfungia katika uwanja wa nyasi tupu atakonda mbele ya macho yako huku ukishangaa kwa nini, ilhali uwanja ni wa kijani.

Tabia hii ina faida nyingine ambayo wafugaji wapya hawaifikirii. Viluwiluwi vya minyoo huishi chini, kwenye nyasi fupi zenye unyevu. Ngamia anayekula juu, mdomo ukiwa mita moja au mbili kutoka ardhini, humeza wachache sana. Anayelazimishwa kula chini, karibu na kisima au kando ya mji ambako mbuzi na kondoo wamekanyaga na kunya siku nzima, humeza wengi. Kwa hiyo mfugaji anayesema, "Ngamia wangu hawana minyoo kamwe," mara nyingi husema kweli mpaka siku anapoanza kuwaweka karibu na nyumbani ili wamama wapate maziwa ya kuuza. Kuanzia hapo ngamia si wale tena, ingawa ni wale wale.

Suala la saa ni zito kuliko watu wanavyodhani. Ngamia mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji kati ya kilo 8 na 10 za chakula kikavu kwa siku, ukiondoa maji yaliyo ndani ya majani. Huchuma kidogo hapa, akasogea, akachuma kidogo pale. Ili ajaze tumbo anahitaji saa nane hadi kumi malishoni, na wakati wa kiangazi zaidi ya hapo. Sasa hesabu siku yako mwenyewe. Ikiwa anafunguliwa saa nne asubuhi baada ya kukamuliwa taratibu, na saa kumi jioni anarudishwa kwa hofu ya fisi au ya wezi wa mifugo, amepata saa sita. Hofu hiyo ni ya kweli na hatuwezi kumlaumu mtu kwa kulinda mali yake na uhai wa wachungaji. Tunachoweza kusema ni hiki: kama saa haziwezi kuongezeka jioni, ziongezwe asubuhi. Wakamuliwe mapema kabla jua halijatoka, na mchungaji aondoke nao saa kumi na mbili. Boma ambazo tumeona zikifanya hivyo hazikuhitaji dawa yoyote ili nundu zianze kurudi.

Kuhusu maji, kila mtu anajua kwamba ngamia huvumilia. Kukiwa na majani mabichi anaweza kukaa wiki mbili bila kunywa, na akifika kisimani anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa wakati mmoja. Ila kuvumilia si kupenda. Anayekamuliwa anatoa maji mwilini kila siku kwa njia ya maziwa, na ndama hana uvumilivu wa mama yake. Wakati wa kiangazi, anayenyonyesha aletwe majini kila baada ya siku chache bila kusubiri mpaka aonyeshe kiu.

Chumvi, jambo linalosahaulika zaidi

Tukiambiwa tuchague kosa moja tu la wafugaji wapya, tungechagua chumvi. Ngamia anahitaji chumvi mara sita hadi nane zaidi ya mifugo mingine. Wagabra na Warendille walilijua hili kabla ya ofisi yoyote ya mifugo kujengwa. Ndiyo sababu wana desturi ya kuwahamisha ngamia mara kwa mara kwenda kwenye visima vya chumvi na vichaka vya chumvi kandokando ya jangwa la Chalbi. Sisi tuliwachukua ngamia, tukaiacha desturi.

Ngamia aliyekosa chumvi hasemi, lakini anaonyesha. Hunywa maji kidogo hata akifika kisimani baada ya siku nyingi. Maziwa hupungua. Utamwona akitafuna mifupa, akilamba udongo au kichuguu. Hutembea kwa ugumu kama mzee mwenye baridi yabisi. Shingoni, mabegani au ubavuni hutokea vidonda ambapo ngozi hufa, hukauka na kubanduka kama kipande cha kiatu kilichozeeka, kisha hukawia kupona hata ukivipaka dawa wiki baada ya wiki. Tumeitwa mara nyingi kutibu vidonda hivyo kwa sindano, na dawa iliyohitajika ilikuwa jikoni.

Mahali ambapo mimea ya chumvi haipatikani, mpe ngamia mkubwa gramu 50 hadi 60 za chumvi kwa siku. Hiyo ni karibu vijiko vitatu vikubwa vilivyojaa. Mswaki husaidia, kwa hiyo anayechunga penye miswaki mingi anaweza kupunguza. Jiwe la chumvi la ng'ombe ni gumu na ngamia hapati cha kutosha kwa kulilamba, basi liponde au tumia chumvi ya kawaida ya mawe iliyosagwa, uiweke ndani ya karai au tairi lililopasuliwa. Lakini usimpe chumvi nyingi kwa pupa siku ya kwanza, na usimpe kabisa kama maji yako mbali na hatakunywa kesho wala kesho kutwa. Anza na kidogo siku anapokunywa maji, ongeza polepole.

Tahadhari moja kuhusu vyakula vya kununua. Wakati wa ukame wapo wanaonunua chakula cha kuku kwa sababu ni rahisi kupatikana mjini Maralal au Isiolo. Chakula cha kuku wa nyama aghalabu huchanganywa dawa za kuzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa kuku, zikiwemo salinomisini na monensini. Kuku hazimdhuru. Ngamia humwua, kwa kuharibu misuli na moyo. Mwaka wa 2007 maelfu ya ngamia walikufa nchini Saudia, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye pumba za chakula zilizokuwa na salinomisini. Kwa hiyo usimpe ngamia chakula cha kuku hata konzi moja, wala pumba zilizobebwa kwenye magunia yaliyokuwa na chakula hicho.

Minyoo

Ngamia anao binamu zake ng'ambo, lama na alpaka wa milima ya Andes huko Peru na Bolivia. Wote wana tumbo la vyumba vitatu, tofauti na ng'ombe na mbuzi wenye vinne. Alpaka ana tabia moja ambayo ngamia wetu hakupewa: kundi zima hunya mahali pamoja, kama watu wenye choo, na halili karibu na mahali hapo. Ngamia hunya popote aliposimama, na kinyesi kingi zaidi hubaki mahali anapolala. Kazi ambayo alpaka hujifanyia mwenyewe, sisi inabidi tuwafanyie ngamia wetu.

Mnyoo anayetusumbua zaidi ni yule mwembamba anayekaa tumboni akinyonya damu, jamaa wa yule anayeua mbuzi na kondoo wetu wakati wa mvua. Ngamia ana wa aina yake, na pia anaweza kuambukizwa wa mbuzi na kondoo wanapochunga pamoja. Mnyoo mmoja hupoteza damu kidogo sana, takriban mililita 0.05 kwa siku, tone moja tu. Wakiwa 2,000 ni mililita 100 kila siku, karibu nusu kikombe cha chai, siku baada ya siku. Jike hutaga maelfu ya mayai kwa siku moja. Mayai hutoka na kinyesi, na kukiwa na joto na unyevu, katika wiki moja hivi yameanguliwa na viluwiluwi wako tayari wakisubiri mdomo kwenye majani. Kiangazi kikiwa kikali wengi wa walio nje hufa. Lakini wale waliomo tumboni hujificha kwenye ukuta wa tumbo, wakalala, wakaamka mvua inapokaribia. Ndiyo maana ngamia huweza kuanza kudhoofika mvua ikiwa imenyesha siku chache tu, kabla hata majani hayajakomaa, na watu wakasema ni majani mapya yamemwendesha.

Kabla ya kununua dawa, angalia. Vuta kope la chini na utazame rangi ya ndani. Tazama na ufizi. Ikiwa ni waridi, damu ipo. Ikiwa ni nyeupe kama karatasi, damu inakwisha, ingawa kupe na ndorobo wanaweza pia kuimaliza. Tazama chini ya taya kama kuna uvimbe laini unaobonyea. Kisha leta kinyesi. Kichukue kikiwa kibichi, ngamia anapokinya, ukitie kwenye mfuko safi wa plastiki, ukifunge na kukiweka kivulini, ukifikishe ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo siku hiyo hiyo. Kikikaa siku mbili juani mayai huanguliwa na hesabu inaharibika. Kutoka kwa kundi la ngamia kumi, sampuli za wanne au watano zinatosha kutuambia kama kundi linahitaji dawa, na kama dawa uliyotumia mara ya mwisho ilifanya kazi.

Msitoe dawa kila mwezi kwa mazoea. Minyoo wanaobaki hai baada ya dawa ndio wazazi wa minyoo wa kesho, na ukiwapiga mara kwa mara kwa dawa ile ile utabaki na wasioisikia. Katika maeneo yetu makavu, mara nyingi inatosha kutoa dawa mara moja kiangazi kinapoelekea kwisha, kabla ya mvua za Machi, kuwashika wale waliojificha, kisha kupima tena baada ya mvua. Aivamektini huwapata hata wale waliolala. Albendazoli nayo ni nzuri, ila asipewe ngamia aliyepandwa hivi karibuni, kwa maana huweza kumdhuru ndama tumboni mwezi wa kwanza. Dawa ya kunyweshwa imiminwe polepole kupitia pembe ya mdomo, kichwa kikiwa sawa. Ukiinua kichwa sana na kumimina kwa nguvu inaingia mapafuni.

Jua uzito wake

Hapa ndipo dawa nyingi hupotea bure. Nilimwona mfugaji akimdunga ngamia dume mililita 5 za aivamektini. Nilipomuuliza kwa nini 5, alijibu kwamba ndizo alizozoea kumpa ng'ombe. Aivamektini ya asilimia moja hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 50. Mililita 5 zinamtosha mnyama wa kilo 250. Je, ngamia wake alikuwa na kilo ngapi? Hatukuwa na mizani, na hakuna mwenye mizani ya ngamia porini. Tulikuwa na kamba na futi ya fundi cherehani.

Pima vitu vitatu kwa mita. Kwanza urefu kutoka ardhini hadi juu ya bega. Pili mzunguko wa kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Tatu mzunguko wa tumbo ukipitisha kamba juu ya nundu. Zidisha vyote vitatu pamoja, kisha zidisha kwa 50. Ngamia wa siku ile alikuwa na mita 1.80 begani, mita 2.00 kifuani na mita 2.40 kupitia nunduni. Ukizidisha unapata 8.64, na mara 50 ni kilo 432. Alihitaji karibu mililita 9. Alikuwa akipewa kidogo zaidi ya nusu, mwaka wa pili sasa, na alikuwa amekwisha kuamua kwamba dawa za siku hizi ni feki. Huenda nyingine ni feki kweli. Ila hiyo haikuwa feki.

Sindano ya aivamektini huingizwa chini ya ngozi, kamwe si kwenye mshipa. Jambo la pili linawauma wengi mfukoni: aivamektini hutoka ndani ya maziwa, na lebo nyingi huizuia kabisa kwa mnyama ambaye maziwa yake yananywewa na watu. Soma lebo, na umuulize daktari wa mifugo siku za kusubiri kwa maziwa na kwa nyama kabla ya kudunga. Panga kumtibu akiwa hakamuliwi, kama ugonjwa unaruhusu kusubiri. Wamama wanaopeleka maziwa sokoni wanajua kwamba mteja akipoteza imani harudi.

Upele

Upele wa ngamia huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho anayechimba ndani ya ngozi. Huanza kichwani, shingoni, kwapani, katikati ya mapaja na kwenye kiwele. Ngamia hujikuna kwenye kila mti, halali, hali, manyoya yananyonyoka na ngozi inakuwa nene yenye mikunjo. Husambaa haraka katika kundi, hasa msimu wa baridi na wakiwa wamekonda. Mchungaji naye huanza kujikuna mikono na tumbo, na hiyo si bahati mbaya, ni mdudu yule yule.

Tunaomba sana: acheni kupaka oili chafu ya gari. Hufunika ngozi, huchoma, hufyonzwa mwilini, na ngamia akijilamba humeza sumu. Dawa ni aivamektini kwa kipimo kilichoelezwa hapo juu, ikirudiwa baada ya siku 14. Kurudia si hiari, kwa sababu dawa haiyaui mayai, na watakaoanguliwa wataanzisha yote upya. Watibiwe wote walioguswa na mgonjwa, hata anayeonekana mzima. Kamba, matandiko na vibao vya kubebea mizigo vina wadudu hao pia, nao huweza kuishi nje ya mnyama kwa siku kadhaa, hata wiki mbili au tatu mahali penye ubaridi na unyevu. Vichemshwe vinavyochemka, vingine vianikwe juani siku nyingi, na ngamia wahamishwe boma.

Kupe na ndama

Kupe tunawajua sote, kwa hiyo tutasema kidogo. Kwa ngamia watafute chini ya mkia, masikioni, ndani ya pua, kiweleni na katikati ya kwato. Dawa ya kunyunyizia ichanganywe kwa kipimo cha lebo, na ukumbuke kwamba ngamia mkubwa anahitaji maji mengi kuliko ng'ombe ili alowe mpaka chini ya tumbo. Dawa za kunyunyizia nyanya na sukuma wiki si dawa za mifugo.

Ndama ni habari nyingine. Kupe wengi wakimvamia ndama anaweza kupooza: asubuhi anashindwa kusimama, na jioni anashindwa kupumua. Wakitolewa wote mapema, mara nyingi husimama tena. Mkague kila siku kwa vidole, kupe mmoja mmoja, na usiwapasue kupe kwa mikono mitupu kwa sababu damu yao hubeba magonjwa ya watu pia. Wachome moto. Shida kubwa ni boma. Ndama hubaki bomani mchana kutwa mama akiwa malishoni, juu ya samadi ya miezi mingi ambamo kupe na viroboto wamejenga mji. Hamisha boma la ndama mara kwa mara, hata kama ni hatua mia tu.

Na asinyimwe maziwa ya kwanza. Bado wapo wazee wanaoyamwaga dang'a wakiamini kwamba yanamharisha ndama. Kwa heshima zote kwao, ni kinyume. Ndama wa ngamia huzaliwa hana kinga, na kinga yake yote ya mwanzo imo ndani ya dang'a, ambayo lazima ainywe katika saa chache za kwanza. Baadaye, katika kugawana maziwa, mfuate utaratibu wa zamani wa chuchu mbili za watu na mbili za ndama. Ndama aliyeshiba anapambana na minyoo na kupe. Mwenye njaa hawezi, hata ukimnunulia duka zima.

Ndorobo ya ngamia

Turudi kwa mama wa Wamba. Ngamia wake huenda alikuwa na ndorobo ya ngamia, ugonjwa ambao wataalamu huuita surra. Hausambazwi na mbung'o bali na inzi wakubwa wanaouma, wale wanaofuata mifugo penye maji na vichaka wakati wa mvua. Homa huja na kuondoka, nundu hupungua, mimba huharibika, na ngamia anaweza kuendelea hivyo kwa miezi au miaka. Wafugaji wa muda mrefu huweza kuutambua kwa harufu ya mkojo kwenye mkia. Usiwacheke, watafiti wameliandika jambo hilo, na mzee mwenye pua hiyo ni wa kuulizwa kabla ya kwenda dukani.

Ule unga wa manjano ni diminazini. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri. Ngamia hastahimili, na kipimo ambacho ng'ombe hukivumilia kinaweza kumwua. Ziko dawa za ngamia, kama vile kwinapiramini na melasomini, hii ya pili ikiwa imetengenezwa hasa kwa ajili yake, lakini hutolewa na daktari wa mifugo baada ya kupima damu, maana kukonda peke yake hakusemi ni ndorobo, minyoo au chumvi. Ukifika dukani, neno la kwanza liwe "ngamia". Muuzaji asipojua, mwombe karatasi iliyomo ndani ya kisanduku umpelekee afisa wa mifugo wa wadi aisome kabla hujalipa.

Mbwa wa boma

Mwisho, tukichinja ngamia, ini na mapafu huweza kuwa na mifuko ya maji. Hayo ni malengelenge ya tegu wa mbwa. Mbwa akiyala mabichi, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi hadi kwenye maji, mikono na vyombo vyetu. Kwa binadamu mfuko huo hukua polepole kwa miaka, na mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Turkana, jirani zetu, ni miongoni mwa maeneo yaliyoteswa zaidi na ugonjwa huu duniani. Ini au pafu lenye mifuko lichomwe au lizikwe kina ambacho mbwa hafukui. Mbwa wapewe dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli kila miezi mitatu. Watoto wanawe mikono wakitoka kucheza nao.

Vipimo vya kinyesi na vya damu hupangwa kupitia ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe. Ukija, leta pia yale makadirio matatu ya kamba, yakiwa yameandikwa kwenye karatasi pamoja na jina la ngamia na tarehe aliyodungwa mara ya mwisho.